Chai ya Bomet hufika Mombasa, mgonjwa wa Longisa hafiki Nakuru

Julai ya mwaka 2019 ilikuwa nzito. Tarehe 1 aliondoka Bob Collymore, mkuu wa Safaricom. Tarehe 26 akafuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Siku tatu baadaye, tarehe 29, Bomet ikampoteza gavana wake, Dkt Joyce Laboso, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Wote watatu waliuawa na saratani, na wote watatu walikuwa wametafuta matibabu ng'ambo: Collymore Uingereza, Okoth Ufaransa, Laboso Uingereza na India.

Wanasiasa wakapaza sauti saratani itangazwe janga la kitaifa. Mitaani na mitandaoni kukawa na msemo mmoja: kumbe saratani haichagui, tajiri na maskini wote sawa mbele yake. Msemo huo una ukweli nusu. Kifo hakichagui, lakini safari ya kukifikia inachagua sana. Ukitaka kuona inavyochagua, usiangalie Nairobi wala London. Panda gari hadi Longisa, kwenye barabara ya kutoka Narok kwenda mjini Bomet, ilipo hospitali ya rufaa ya kaunti ambayo marehemu Laboso aliiongoza.

Huenda msomaji wa Kisauni au Malindi akauliza, Longisa yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa kikombe tunachokunywa kila asubuhi na mahamri. Majani ya chai ya Kericho na Bomet huletwa kwetu kwa magunia, yakalala katika maghala ya Mombasa, yakapigwa mnada ulioko mjini humu tangu mwaka 1969, kisha yakapakiwa melini kwenda Pakistan, Misri na Uingereza. Mpango wa kulitoa jani mlimani hadi bandarini haukosi lori, haukosi ratiba, haukosi mwenye kulipa. Aliyelichuma jani hilo, akianza kukohoa damu au kushindwa kumeza ugali, hana lori wala ratiba.

Eneo hilo lina saratani yake ambayo madaktari wa dunia nzima wanaijua: saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kuna ukanda wa ugonjwa huu unaoshuka kutoka pembe ya Afrika, ukipita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na Bomet ni mojawapo ya sehemu zake kali. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya Tenwek, hospitali ya kimisheni iliyo karibu na mji wa Bomet, waliandika katika jarida la kitabibu la Lancet jambo lililowashangaza wenzao: ugonjwa ambao kwingine huwapata wazee, hapo uliwapata vijana, wengine hawajatimiza miaka 30.

Sababu yake si moja. Shirika la dunia la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, na utafiti uliofanywa Eldoret umeonyesha kuwa wanaokunywa chai ikiwa ya moto kupita kiasi wamo hatarini zaidi. Wengine wamechunguza mursik, yale maziwa ya kibuyu yanayotiwa masizi ya mkaa. Meno na lishe navyo vimeangaliwa. Mimi nataka tukae kwenye kitu kimoja, moshi, kwa sababu ndicho kinachounganisha umio na mapafu, na ndicho kinachotenganisha jikoni kwa mwenye nacho na jikoni kwa yakhe.

Mwaka 2021 watafiti wa Tenwek pamoja na wenzao wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wakazi wa huko kusini magharibi wanaopikia kuni ndani ya nyumba. Walipima mkojo wa watu wazima wasio wagonjwa. Hata kwa wasiovuta tumbaku kabisa walikuta mabaki ya kemikali zile zile za moshi ambazo kwa kawaida huzitafuta kwa mvutaji sigara. Mama ambaye hajawahi kugusa sigara maishani mwake anavuta bila kujua, mara tatu kwa siku, tangu alipokuwa msichana wa kukoka moto. Mlimani kuna baridi, mvua ni ya kila siku, nyumba ni ndogo, dirisha hufungwa. Anayeishi hivyo hakuyachagua maisha hayo.

Na hapa serikali haina mikono misafi. Julai 2021 gesi ya kupikia iliwekewa kodi ya VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa nusu, na mwaka 2023 ikaondolewa. Miaka hiyo miwili familia nyingi zilizokuwa zimeonja jiko la gesi zilirudi kwenye kuni na makaa, huku Pwani na huko bara pia. Gesi hiyo inashukia bandari yetu. Kwa hivyo ikifika Longisa imeshaongezewa nauli. Sijaona hata mara moja, katika mjadala wa bajeti, mbunge akisimama kusema kodi ya gesi ni suala la saratani.

Tuingie sasa kwenye mapafu, kwa sababu hapo ndipo udhalimu umejificha vizuri zaidi.

Saratani ya mapafu kwa takwimu za Kenya haionekani kuwa kubwa. Za matiti, mlango wa uzazi, tezi dume na umio ndizo zinazotajwa. Lakini ugonjwa huhesabiwa pale unapopatikana, na wa mapafu kwetu haupatikani kirahisi. Mtu akikohoa wiki tatu, akakonda, akatoka jasho usiku, kila mmoja anajua jina: kifua kikuu. Ni dhana ya busara, maana Kenya ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa TB. Atapimwa makohozi. Yasipoonyesha kitu, mara nyingi bado ataanzishiwa dawa za miezi sita, kwa sababu picha ya kifua ina doa na dalili zote ni zile zile. Miezi sita ikiisha kikohozi kingali pale pale, na uvimbe uliokuwa mdogo kama tende umeshahamia kwenye mifupa au kwenye ini.

Usimlaumu daktari wa zahanati haraka. Tazama pesa inakwenda wapi. Vipimo vya TB ni bure, dawa zake ni bure, kuna daftari la kila kituo, kuna muhudumu wa jamii anayekuja nyumbani kuuliza kama umemeza. Mpango huo umejengwa kwa miaka mingi na fedha za serikali na wafadhili, na umeokoa watu wengi mno. Lakini matokeo yake ni kwamba mfumo unauona ugonjwa uliolipiwa, na ule ambao haukulipiwa hauonekani. Ili saratani ya mapafu ithibitishwe inahitaji picha ya CT, kisha mtu wa kuingiza kamera au sindano hadi kwenye uvimbe, kisha kipande cha nyama kipelekwe maabara kwa mtaalamu wa kukisoma. Kila hatua ina bei yake, na kila hatua inaweza kuwa mji tofauti. Mwenye bima ya kampuni Nairobi anaweza kumaliza hayo ndani ya wiki. Mchuma chai humaliza anapomaliza kuuza ng'ombe.

Kwa mwanamke hali ni mbaya zaidi. Mwanamume aliyevuta sigara miaka ishirini akikohoa, angalau kuna atakayewaza mapafu. Mama asiyevuta hakuna anayemfikiria. Na hata akifikiriwa, pale penye umiliki wa ardhi kwa jina la mume, shamba la kuuza kwa ajili ya matibabu yake huwa ni suala la kujadiliwa na ukoo. Shamba la kumtibu baba huuzwa kwa haraka zaidi. Jambo hili si la Wakipsigis peke yao, na msomaji wa Kwale au Tana River analijua.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa si ya kubahatisha. Uingereza, ambako matibabu ni bure kwa wote, zaidi ya nusu ya wanaogunduliwa saratani ya mapafu ikiwa hatua ya kwanza huwa hai baada ya miaka mitano. Wanaogunduliwa hatua ya nne, ni kama watano tu kati ya mia. Hata huko mtaa wa maskini una wagonjwa wengi zaidi kuliko mtaa wa matajiri. Mwaka 2016 mji wa Manchester ulijaribu kitu kinachofaa kuigwa: badala ya kungoja watu waje hospitali, walipeleka mashine za CT ndani ya magari makubwa hadi kwenye maegesho ya maduka ya mitaa ya watu wa hali ya chini, na mvutaji wa zamani akapigwa picha alipokwenda kununua mkate. Ugonjwa ukaanza kukamatwa mapema. Walifanya hivyo kwa sababu walielewa kuwa huduma ya bure peke yake haitoshi, kama maskini hana nafasi ya kuifuata.

Turudi Bomet. Kwa bahati, mtu wa Longisa mwenye shida ya kumeza ana kitu ambacho watu wengi wa Pwani hawana: Tenwek iko mwendo mfupi wa gari. Madaktari wake walifanya mambo mawili ambayo yanastahili kujulikana zaidi.

La kwanza ni stenti, kijibomba cha waya kinachoingizwa ndani ya umio ulioziba, kikafunguka na kuacha njia. Kwingineko huwekwa kwa kuongozwa na mashine ya eksirei. Tenwek waliionyesha dunia kwamba inaweza kuwekwa kwa kamera tu, bila mashine hiyo, na wakaifanya kwa wagonjwa wengi sana. Baadaye muungano wa wataalamu wa saratani ya umio barani Afrika, pamoja na shirika la Clinton la upatikanaji wa dawa, walikubaliana na kampuni ya Boston Scientific kuuza stenti kwa bei nafuu nchini Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia. Mtu aliyekuwa hawezi kumeza hata mate anarudi nyumbani akinywa uji na kula ugali laini. Stenti haiponyi, ila inampunguzia mtu kifo cha njaa akiwa amezungukwa na chakula. Kwa aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa aina hiyo, hilo si jambo dogo.

La pili ndilo lenye matumaini zaidi, na ndilo lisilo na pesa. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu wazima 305 wasio na dalili yoyote, kwa kamera na dawa ya iodini inayopakwa ndani ya umio ili sehemu iliyoanza kuharibika ijitokeze. Takriban 14 kati ya kila mia walikuwa na mabadiliko ya mwanzo, yale yanayoweza kugeuka kuwa saratani. Katika hatua hiyo kidonda kinaweza kuondolewa na mtu akaenda zake. Kwa maneno mengine, mlango wa kuwahi upo, umeshaonekana, na unajulikana unapofunguliwa. Lakini kamera, iodini na mikono ya kuzitumia havitoshi hata kwa wale waliokwisha ziba koo. Wapimaji wanashughulika na wanaokufa, wanaoweza kuokolewa wakiwa mashambani wakichuma chai na kulima viazi.

Hapo ndipo bima ilipaswa kuingia. Oktoba 2024 NHIF ilifungwa na SHA ikachukua nafasi yake. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali, aina ya paa, mifugo, choo, kisha huambiwa alipe, na alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa saratani mfuko ulianza na kiwango cha shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka: 400,000 kutoka mfuko wa kawaida na 150,000 kutoka ule wa magonjwa sugu. Kelele zilikuwa nyingi, na mazungumzo ya kukiongeza yakafuata.

Mimi siichukii SHA. Wapo watu ambao bila hiyo wangekuwa kaburini. Lakini angalia inavyokutana na maisha ya mkulima mdogo wa chai. Yeye hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha hungoja bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya Mlima Kenya kwa miaka mingi, na mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana kwa hasira juu yake. Mtu wa namna hiyo kuambiwa atoe mchango wa mwaka mzima leo ndipo atibiwe kesho ni kumfungia mlango kwa adabu. Serikali yenyewe iliona tatizo, ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, yaani ukopeshwe mchango uulipe kidogo kidogo. Ni afadhali, ingawa ni deni jipya juu ya nyumba yenye mgonjwa.

Halafu kuna gharama zisizoandikwa kwenye risiti yoyote. Tuseme mchuma chai amegunduliwa na uvimbe ambao bado unaweza kutibiwa kwa mionzi. Mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi. Mgonjwa wa Bomet kwa kawaida huelekezwa Nakuru, Eldoret au Nairobi. Bima inalipia dakika zile za mashine. Hailipii chumba cha kulala kwa mwezi na zaidi, wala chakula laini anachokiweza, wala nauli ya ndugu anayemshika mkono, wala kibarua ambacho yeye na ndugu huyo wamekiacha. Watoto nao wameachiwa nani? Wapo wanaoanza, wakakosa wiki ya tatu, wakarudi nyumbani kusubiri kidogo. Nusu ya mionzi si nusu ya uponyaji. Baada ya hapo daftari la hospitali linaandika kwamba mgonjwa hakurudi, kana kwamba amezembea.

Sisi wa Pwani tuliyajua haya kabla ya wengine. Kwa miaka mingi Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine za mionzi nchini, na mashine hizo zilipoharibika, foleni ya kuanzia Lamu hadi Busia ilisimama. Watu wetu walipanda basi la usiku na godoro. Waliokuwa na jamaa Eastleigh au Majengo ya Nairobi walilala kwao, na wasiokuwa nao walilala veranda. Changizo za misikitini na za makundi ya WhatsApp zilibeba kile ambacho serikali haikukibeba, na hadi leo zinakibeba. Lakini changizo nazo zina tabaka. Mwenye ukoo mkubwa, mwenye mtoto Jeddah au Muscat, mwenye jina mjini, nambari yake ya M-Pesa hujaa ndani ya siku mbili. Mchimba mawe wa Jaribuni akiweka ya kwake hupata pole nyingi na mia tano.

Na dawa mpya? Ulaya na Marekani zimekuja dawa za saratani ya mapafu zinazolenga kasoro maalum ya uvimbe, na nyingine za kuamsha kinga ya mwili, na zimewapa wagonjwa wengine miaka ambayo zamani haikuwako. Kwa bei ya kawaida ya soko, dozi chache za dawa hizo hupita mapato ya mwaka ya mchuma chai. Lakini tusianze huko. Kumlilia mgonjwa wa Longisa kwa kukosa dawa ya namna hiyo, wakati hajapigwa hata picha ya kifua kwa wakati, ni kuanza kujenga nyumba kwa paa.

Kuna mambo ambayo hayangojei utajiri. Kanuni ya kila zahanati kwamba anayekohoa, asiyeonekana TB kwenye makohozi na asiyepata nafuu baada ya miezi miwili ya dawa, lazima apelekwe kupigwa CT kwa gharama ya mfuko, hailetwi na wafadhili, inaletwa na waraka wa wizara. Wahudumu wa jamii karibu 100,000 waliopewa mikoba Septemba 2023 hupima presha na sukari nyumba kwa nyumba. Kuwaongezea swali moja, je, chakula kinakukwama, hakuhitaji mashine. Na nyumba ya kulala wagonjwa wa mionzi karibu na hospitali, yenye vitanda ishirini na jiko, ni pungufu ya gharama ya magari machache ya kaunti.

Bajeti za kaunti hupitishwa kila Juni, na kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi ambavyo huhudhuriwa na watu wachache waliopewa soda. Wa Bomet wana sababu ya kuvijaza, maana walimzika gavana. Wa Mombasa, Kilifi na Kwale nasi tunaweza kwenda na swali moja tu la kumuuliza waziri wa afya wa kaunti: mgonjwa akitoka Samburu ya Kwale au Bamba kufuata mionzi, wiki zile tano analala wapi?